Unatafuta chumba Manzese au Tandale? Anza na uchochoro

Bei imekuvuta. Umeonyeshwa chumba chenye choo ndani Manzese, kwa kodi ambayo Sinza, jirani tu hapo, ingekupa chumba kitupu cha kuchangia choo. Ukamwambia shangazi yako, akashika kichwa: "Manzese? Kwa vibaka?"

Mshukuru shangazi, kisha fanya uchunguzi wako. Manzese ni kubwa. Tandale ni kubwa. Vivyo hivyo Buguruni, Mwananyamala na Mbagala. Wewe hupangi mtaa mzima. Unapanga chumba kimoja, kwenye ua mmoja, kwenye uchochoro mmoja, kwa mwenye nyumba mmoja. Hivyo vinne ndivyo vitakavyokupa raha au karaha, na vyote unaweza kuvikagua kabla hujatoa shilingi.

Anza kwa kuibana hiyo sifa ya mtaa. Mtu akikuambia "Tandale pabaya", muulize: Tandale ipi? Sokoni? Kwa Mtogole? Uwanja wa Fisi? Nani aliibiwa, lini, saa ngapi, akipita wapi? Mwenye majibu msikilize kwa makini, huyo anakusaidia. Asiye nayo anakusimulia habari za zamani. Na jina zuri la mtaa lisikulaze: mwaka 2022, magenge ya vijana wahalifu waitwao panya road yalipovuma Dar es Salaam, Kawe nayo iliguswa.

Pima na faida pia. Ukiwa Manzese una Barabara ya Morogoro mlangoni, na tangu 2016 kuna mabasi ya mwendokasi. Kituo cha Tip Top, Manzese au Argentina kinakufikisha Kariakoo au Posta bila kubadili gari. Unga na maharage unavipata soko la Tandale, ndizi Mahakama ya Ndizi pale Mabibo. Kwa anayeanza maisha, kuishi karibu na kazi na karibu na chakula ni akiba ya kila siku. Ndiyo maana watu wanakaa huko miaka na miaka, wanalea watoto, wanajenga.

Nenda zaidi ya mara moja

Dalali atakupeleka mchana, saa ambayo yeye anataka. Nenda. Kisha rudi bila yeye.

Rudi saa 3 usiku, siku ya kazi. Shuka kituo utakachokuwa unashukia na utembee mpaka mlangoni, njia ileile utakayopita ukitoka kazini. Mchukue rafiki, simu iwe mfukoni. Angalia nani yuko barabarani. Duka la mtaani, la Mangi, liko wazi? Kuna anayekaanga chipsi? Kijiwe cha bodaboda kina watu? Uchochoro wenye biashara ndogondogo mpaka usiku una macho mengi, na kibaka hapendi macho. Cha kukutia wasiwasi ni kipande cha giza kisicho na duka wala mlango, hasa kikiwa na pagale pembeni. Kama hakuna njia ya kukikwepa, tafuta chumba kingine.

Rudi Jumamosi usiku. Hapo utajua kama baa ya nyuma inafungulia muziki mpaka alfajiri, au kama kona ile ndiyo uwanja wa vigodoro, zile ngoma za usiku kucha. Kama unalala mapema, sikiliza pia asubuhi: mashine ya kusaga, gereji, fundi wa kuchomelea mageti. Kelele ni jambo la kawaida uswahilini, lakini ni wewe unayejua usingizi wako ukoje.

Na kama msimu unaruhusu, rudi siku mvua imenyesha. Ziara hii moja inakuonyesha mengi kuliko dalali atakayokueleza.

Huko uendako, nunua kitu na uongee na watu. Soda kwa Mangi, sahani ya wali kwa mama ntilie, kushonesha kifungo kwa fundi cherehani. Hao wanakaa barabarani kutwa nzima na wanajua kila kinachotokea. Usiulize "hapa kuna usalama?" Swali hilo watu hulijibu kwa adabu: "Pako salama tu, kaka." Uliza hivi: "Samahani mama, mdogo wangu anataka kuhamia nyumba ile. Akirudi saa 4 usiku apite njia gani?" Utaona anafikiria, halafu atakunyooshea kidole: pita huku, kule usipite. Hilo ndilo jibu unalolitaka.

Kama wewe ni mwanamke, tafuta mpangaji mwanamke wa nyumba ileile au ya jirani. Muulize anarudi saa ngapi, anarudije, na kama vijana wa kijiweni wanasumbua. Mwanamume hata akiwa mkweli, mengi ya hayo hayaoni.

Muulize pia mwenye nyumba: "Aliyetoka alikaa muda gani? Amehamia wapi?" Akiwa amekaa miaka na amehama kwa sababu ya kazi au ndoa, vizuri. Nyumba inayobadilisha wapangaji kila miezi michache ina jambo. Ukiweza kumpata aliyehama kwa simu, umemaliza nusu ya kazi.

Soma kuta

Kwenye mitaa ya mabondeni, adui wa kwanza ni maji, na watu wengi wanamsahau kwa sababu wanamwogopa kibaka. Kibaka huchukua simu. Mafuriko huchukua godoro, friji, vyeti na kodi uliyolipa.

Mto Ng'ombe unapita kati ya Sinza na Tandale na kuteremka kuelekea Msimbazi. Umejengewa kingo sehemu kadhaa, na hali imekuwa nafuu kwa wengi. Lakini Dar es Salaam haijasahau Desemba 2011, mafuriko yalipoua makumi ya watu na wakazi wa mabondeni kuhamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo ukiingia chumbani, usianze na rangi wala dari. Chuchumaa.

Tazama ukuta wa chini. Ukiona mstari ulionyooka unaozunguka chumba kizima, chini yake rangi imepauka na plasta inabanduka, maji yalisimama hapo. Rangi mpya iliyopakwa nusu ukuta tu nayo iulizie. Tazama mlangoni: kizingiti cha saruji kilichoinuka mpaka karibu na goti kimejengwa kuzuia maji, na aliyekijenga alichoka kuhamisha vitu. Kisha chungulia kwa majirani kwa heshima. Vitanda vimepandishwa juu ya matofali? Friji iko juu ya jukwaa? Wapangaji hao wanajua kitu ambacho wewe hujaambiwa.

Uliza swali la moja kwa moja: "Masika iliyopita maji yalifika wapi?" Mtu akikuonyesha kwa mkono kwenye mwili wake, amini.

Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Ukihamia Julai, kila nyumba inapendeza. Kumbuka pia barabara: mvua kubwa zimeifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani mara nyingi, na siku hiyo safari yako ya mjini inakuwa ndefu. Ulizia njia ya pili kabla hujaihitaji.

Choo kikague asubuhi, si mchana kikishaoshwa. Hesabu kaya zinazokichangia. Uliza karo liko wapi na mara ya mwisho gari la maji taka lilikuja lini. Kuna nyumba zinazosubiri mvua zitapishe choo mferejini, na uchafu huo unapita milangoni kwa watu. Kama nyumba yenu au ya jirani wa juu ina tabia hiyo, na una mtoto mdogo, usihamie hapo hata kwa kodi ya bure. Kipindupindu hakina mzaha.

Maji ya bomba: yanatoka siku zipi, saa ngapi, na yakikatika mnanunua wapi ndoo na kwa bei gani? Fungua bomba mwenyewe. Angalia kama kuna simtank na kama wapangaji wanaruhusiwa kulitumia. Kuna nyumba simtank ni la mwenye nyumba peke yake.

Mita ya LUKU izungumzwe mapema

Ugomvi mwingi wa wapangaji unaanzia kwenye umeme. Uliza mita ni ya nani: ya chumba chako peke yako, au ya nyumba nzima?

Mita ya peke yako ni bora sana. Kuna sababu ya bei pia. TANESCO huwauzia watumiaji wadogo wa nyumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, kwa bei nafuu sana. Nyumba ya vyumba sita kwenye mita moja inavuka kiwango hicho upesi, na wote mnalipa bei ya juu. Kama ni ya kuchangia, hakikisha kuna mita ndogo ya kila chumba, au mkubaliane kwa maandishi nani analipa nini. Mwenye friji na mwenye taa mbili hawawezi kutoa sawa.

Jambo jingine: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini inakatwa kwa anayenunua umeme, yaani wewe. Mwambie mapema, bila ukali: "Mzee, hii ya jengo tutairekebisha kwenye kodi ya pango, au sivyo?" Wengi wanakubali ukiwaambia kabla ya kusaini. Baada ya kusaini inakuwa mazungumzo mengine.

Siku ya kukabidhiwa, nunua umeme kidogo hapohapo na usome meseji. Ukiona deni linakatwa, la aliyetoka, lipelekwe kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo.

Chumba chenyewe

Tingisha nondo za dirisha kwa mkono. Angalia juu ya ukuta: kuna nyumba ambazo kuta za vyumba haziendi mpaka kwenye bati, na mtu anaweza kupita juu ya dari kutoka chumba kimoja hadi kingine. Gonga dari, uliza, na kama iko wazi dai izibwe kabla hujaingia.

Dirisha linalotazama uchochoroni ni jema kwa hewa na baya kwa simu. Vibaka huchana wavu na kuvua vitu kwa fimbo yenye ndoano wewe ukiwa umelala. Kitanda na meza ya kuchajia simu viweke ukuta wa pili. Suruali yenye pochi usiitundike karibu na dirisha.

Badilisha kitasa siku ya kwanza. Funguo za zamani zipo kwa watu ambao huwajui. Gharama yake ni ndogo na fundi anamaliza haraka. Komeo la ndani nalo liwe imara.

Ulizia geti linafungwa saa ngapi na nani ana funguo. Kama unafanya kazi za zamu, geti la saa 5 usiku ni tatizo kubwa kuliko kibaka.

Hela itoke kwa mpangilio

Dalali ana haki ya malipo yake. Kawaida ya Dar ni kodi ya mwezi mmoja, na wengine huomba pia hela ya kukuonyesha. Kubaliana yote kabla ya kuanza kutembea: kiasi gani, na kinalipwa lini. Malipo makubwa yatoke ukishashika funguo na mkataba umesainiwa. Dalali anayekuharakisha, "kuna mtu anakuja na hela sasa hivi", mwache huyo mtu aje.

Usitume hata senti kwa simu kwa mwenye nyumba ambaye hujamwona. Utapeli wa chumba kimoja kupangishwa watu watatu upo. Jina linalotokea kwenye muamala, jina la kwenye mkataba na la kwenye kitambulisho yawe ya mtu mmoja.

Halafu nenda kwa mjumbe wa eneo hilo au ofisi ya serikali ya mtaa. Salimia vizuri, jitambulishe, taja nyumba unayotaka kupanga. Swali ni moja: nyumba ile ni ya nani? Hapa Manzese na Tandale nyumba nyingi zimejengwa na wazee zamani, na sasa ziko mikononi mwa watoto na wajukuu. Anayekupangisha anaweza kuwa mtoto mmoja kati ya saba, na wenzake wanataka kuuza. Utalipa kwa kaka mkubwa, miezi miwili baadaye dada zake wanakuja na mnunuzi. Kama ni nyumba ya urithi, mkataba usainiwe na msimamizi wa mirathi, au na ndugu ambaye wenzake wote wanamtambua mbele ya mjumbe.

Ukiwa nje, zunguka nyumba ukitafuta alama ya X. Nyumba zilizo kwenye hifadhi ya barabara au kingo za mto huwekwa alama hiyo kabla ya kubomolewa. Wakati mwingine imepakwa rangi juu yake. Ofisi ya mtaa wanajua.

Sasa miezi. Wenye nyumba wengi wanataka sita, wengine mwaka mzima. Kwa mtaa usioujua, pigania mitatu. Sema hivi: "Mama, naomba nianze na mitatu, nikimaliza nalipa sita." Wengi wanakubali, hasa nyumba ikiwa imekaa tupu au ukionekana mtu wa kazi. Akikataa kabisa, lipa sita kama uchunguzi wako wote umekuridhisha. Mwaka mzima kwa mara ya kwanza, hapana. Punguzo lolote atakalokupa halifiki hasara ya kuhama mwezi wa nne bila kurudishiwa kitu.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama ni ukurasa mmoja. Uandikwe kodi ya mwezi, tarehe ya kuanza na kuisha, notisi ya kila upande, umeme na maji vinalipwaje, nani anatengeneza bati likivuja, na kama kodi iliyobaki inarudishwa mkivunja mkataba. Mashahidi wawili, na muhuri wa serikali ya mtaa ukiupata. Piga picha kila ukurasa. Piga picha na chumba pia: kuta, kitasa, soketi, choo. Mkija kugombana, Baraza la Kata linasuluhisha, na juu yake kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko maneno matupu hayafiki mbali.

Ukishahamia

Hamia asubuhi. Utapata mwanga wa kupanga vitu, na majirani watakuona sura. Pita mlango kwa mlango: shikamoo kwa wakubwa, jina lako, chumba chako. Hii ndiyo kinga kubwa kuliko nondo zote. Mtu anayejulikana, kibaka wa mtaani anamwacha, na mgeni akionekana mlangoni kwako mama wa chumba cha pili atauliza, "Wewe unamtafuta nani?"

Lakini usitangaze ulichonacho: boksi la televisheni likate vipande kabla ya kulitupa.

Jiandikishe kwa mjumbe. Mchango wa ulinzi shirikishi ulipe kwa wakati, na siku ya kusafisha mtaro toka na koleo. Msiba ukitokea, fika, hata kwa dakika chache, na chochote ulichonacho. Huhitaji kuwa rafiki wa kila mtu. Unahitaji wakujue na uwajue.

Chagua bodaboda mmoja wa kijiwe cha karibu, ambaye wapangaji wenzako wanamtumia, na uwe na namba yake. Ukichelewa, mpigie ukiwa bado kwenye basi akusubiri kituoni. Vijana wa kijiweni wasalimie kila siku, ila usiwakopeshe hela na usiwaeleze ratiba yako.

Weka kengele kwenye simu mwezi mmoja kabla ya kodi kuisha. Siku hiyo mfuate mwenye nyumba ukiwa na orodha fupi: bati lile, bomba lile, ile kodi ya jengo. Mwambie kama unabaki au unaondoka. Ukiwa umebaki na siku thelathini mkononi, una nafasi ya kuomba matengenezo na kupatana bei. Ukingoja mpaka wiki ya mwisho, utachukua masharti atakayokupa.